Shilingi ya Waziri na Matrilioni ya Hazina

Bunge la Bajeti linapopamba moto Dodoma, kauli moja hairuki mwaka: mbunge anainuka, anadai maelezo ya kina, na asiporidhika anatangaza kwamba anashika shilingi. Shilingi yenyewe ni moja tu, ya mshahara wa waziri. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 bajeti ya Serikali ya Tanzania ilifika Sh56.49 trilioni, na mbele ya mlima huo mbunge amekamata sarafu ambayo hata muuza pipi haipokei. Mara nyingi waziri huahidi kwamba jambo hilo litafanyiwa kazi, mbunge hurudisha shilingi, na fungu linapita.

Makala hii inauliza: matrilioni yanashikwa na nani?

Kwa miaka mingi jibu halikuwa Bunge. Hotuba ya bajeti ilisomwa Juni, kisha wizara zikajadiliwa moja baada ya nyingine hadi Agosti, ilhali mwaka wa fedha ulikwisha kuanza Julai mosi. Wabunge walijadili safari huku gari limeshaondoka. Mwaka 2013 mambo mawili yalibadilika. Ratiba ilisogezwa ili mjadala uanze Aprili na kukamilika kabla ya Juni 30, na Spika Anne Makinda akaunda Kamati ya Bajeti, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Andrew Chenge. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Bajeti ya 2015.

Kamati hii isichanganywe na PAC, Kamati ya Hesabu za Serikali. PAC hufanya kazi na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, baada ya fedha kutumika. Kamati ya Bajeti hukaa na Hazina kabla fedha hazijatoka. Inapitia mapendekezo ya mpango na ukomo wa bajeti, inasikiliza hoja za kamati za kisekta, inavutana na Serikali kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Mengi ya mavutano hayo hufanyika milango ikiwa imefungwa, na pengine ndiyo sababu wananchi wanaijua shilingi ya waziri kuliko kamati yenyewe.

Lakini inavutana mkono mmoja ukiwa umefungwa. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kupandisha kodi au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amelileta kupitia kwa waziri. Kupunguza kunaruhusiwa. Na Bunge likiikataa bajeti nzima, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Ndiyo maana siku ya kura, mbunge mmoja mmoja akiitwa kwa jina, anayesema "Hapana" anajua kwamba wengi wakimfuata anaweza kurudi jimboni kuomba kura mapema.

Mwaka 2017 unafundisha zaidi ya kifungu chochote. Wizara ya Maji ilikuwa imeidhinishiwa Sh915.1 bilioni za maendeleo kwa mwaka 2016/17. Hadi Machi ilikuwa imepokea Sh181.2 bilioni, yaani asilimia 19.8. Kilimo kilikuwa na hali mbaya zaidi: katika Sh101.5 bilioni za maendeleo zilizoidhinishwa, zilizotoka hadi mwanzoni mwa Mei zilikuwa asilimia 3.31. Wabunge walichemka. Wengi walitaka tozo ya Sh50 kwa lita ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Maji ipandishwe hadi Sh100. Serikali haikukubali. Hotuba ya bajeti iliposomwa Juni, ushuru wa mafuta ulipanda kweli, kwa Sh40 kwa lita, lakini ulifidia ada ya mwaka ya leseni za magari iliyofutwa. Mwenye gari alishangilia. Mama wa kijijini mwenye ndoo kichwani alibaki pale pale.

Kilichokosekana hapo si idhini. Bunge lilikwisha kuidhinisha maji na kilimo mwaka mmoja kabla. Lililokosekana ni jicho kati ya Julai na Machi.

Kenya wana silaha kubwa zaidi, na matatizo yao ni mengine. Katiba ya 2010, ibara ya 221, inaitaka Serikali iwasilishe makadirio miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujaisha, na kamati isikilize maoni ya wananchi. Kamati ya Bajeti na Matumizi inaweza kuhamisha fedha, mradi inapoongeza huku ipunguze kule. Ina Ofisi ya Bajeti ya Bunge yenye wataalamu wanaochambua hesabu za Hazina. Juu ya hayo yupo Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake fedha hazitoki Mfuko Mkuu, na ambaye huripoti bungeni kila baada ya miezi minne.

Hata hivyo, Juni 2024 mshono ulifumuka. Kodi zilikuwa mikononi mwa kamati nyingine, ya Fedha na Mipango. Maandamano ya vijana yalipomlazimisha Rais William Ruto kuukataa Muswada wa Fedha, matumizi yalikuwa yamepitishwa tayari na pengo la Sh346 bilioni za Kenya likabaki wazi. Julai Rais alitangaza kukata Sh177 bilioni na kukopa Sh169 bilioni, na kazi ikarudi bungeni kwa mlango wa bajeti ya nyongeza. Mlango huo una tundu lake: ibara ya 223 inairuhusu Serikali kutumia kwanza, ndani ya asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili. Kamati inayoletewa hesabu ya fedha zilizokwisha kuliwa haina la kukata.

Kwa Tanzania, kurekebisha ibara ya 99 ni safari ndefu. Liko linalowezekana bila kugusa Katiba. Kabla ya mkutano wa Bunge wa Januari na Februari, Kamati ya Bajeti ipewe jedwali la kila fungu lenye safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichotolewa, kilichotumika hadi Desemba. Lingetolewa hadharani, mbunge wa jimbo lisilo na maji angeliuliza swali lake Februari, mwaka wa fedha ukiwa bado na miezi mitano, badala ya kusubiri Mei ashike shilingi.