Picha moja haifuti nyingine



Leo tunapenda kuzungumza juu ya picha. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Akatafuta picha za zamani za wakati wa Wabelgiji, za wafanyakazi wa migodi na mabwana wao, akazipachika juu ya zile mpya kwa kompyuta. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita "Mémoire", yaani kumbukumbu. Pale palipokuwa patupu, watu wamesimama tena.

Kwa nini tunalileta jambo hili Minova? Kwa sababu hata mji wetu umebeba watu juu ya watu: wenyeji, waliokimbia vita mwaka 2012, waliotoka Masisi mwaka 2024, na waliopanda mitumbwi kukimbia Januari 2025. Sokoni tulisongamana, lakini kila mmoja aliona picha yake tu. Mwenyeji aliona shamba lake lililokanyagwa. Mkimbizi aliona nyumba aliyoiacha. Zote mbili ni za kweli.

Viongozi, mnapogawa msaada au kuamua kesi ya shamba, sikilizeni pande zote. Wazazi, waambieni watoto mlikotoka, na pia nani aliwapokea. Tena, tusimpige mtu picha bila ruhusa yake: sura yake inaweza kumletea hatari.