Roscommon, Wilaya Ipitwayo na Wageni

(Maneno ya hotuba juu ya matembezi katika nchi ya Ayalandi)



Watu wengi waendao Ayalandi kutembea hushukia Dublin, wakautazama mji huo siku mbili tatu, kisha wakashika njia ya magharibi kwenda kuona majabali ya pwani na bahari kuu. Katikati ya safari hiyo iko wilaya iitwayo Roscommon, katika jimbo la Connacht. Msafiri huiona kwa dirisha la gari: majani mabichi, ng'ombe, kondoo, kuta za mawe, na mvua. Haina pwani wala milima mirefu, basi yeye hupita. Lakini wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ashukaye garini katika Roscommon huokota mengi.

Kwanza yafaa kujua hesabu moja. Mwaka 1841 wilaya hii ilikuwa na watu kama 253,000. Mwaka 1851 walikuwa kama 173,000. Walipohesabiwa mwaka 2022 walikuwa kama 70,000 tu. Mashamba yaliyo kimya leo zamani yalijaa vibanda na moshi wa meko. Walikwenda wapi watu hao? Mgeni aanzaye safari yake kaskazini na kuteremka kusini atapata jibu kabla ya kufika mwisho.

Kaskazini kabisa viko vilima vya Arigna. Huko makaa ya mawe yalichimbwa tangu karne ya 18 mpaka mwaka 1990. Tabaka la makaa lilikuwa jembamba mno, hata mchimbaji hakuweza kusimama wala kupiga magoti. Alilala ubavu juu ya mawe yenye maji, akachimba kwa sururu saa baada ya saa. Mwaka 1958 kilifunguliwa karibu na hapo kituo cha kutengeneza umeme kwa makaa hayo. Kituo kilipofungwa mwaka 1990, migodi nayo ikafungwa. Lakini wenyeji hawakukubali kazi ya baba zao isahauliwe. Mgodi mmoja ulitengenezwa ili wageni waingie, na wachimbaji wa zamani wakawa waongozi. Aelezaye taabu ile basi hakuisoma kitabuni, bali aliilalia mwenyewe.

Kutoka Arigna si mbali kufika mji wa Boyle, ambako yako magofu ya nyumba ya watawa wa shirika la Cistercian iliyoanzishwa mwaka 1161. Upande mmoja wa kanisa matao yake ni ya mviringo, na upande wa pili yamechongoka juu. Sababu ni kwamba ujenzi ulichukua miaka mingi sana, na mafundi wa mwisho walikuwa na mtindo mwingine. Baadaye watawa waliondolewa na askari wakaifanya kambi yao.

Karibu na Boyle kuna ziwa liitwalo Lough Key, lenye visiwa vingi vya miti. Kando yake lilisimama jumba kubwa la Rockingham, mali ya ukoo wa King-Harman. Jumba hilo liliungua mwaka 1957, na baadaye magofu yake yakabomolewa. Leo mahali pale ni msitu wa kutembelea watu wote. Jambo la ajabu ni kuwa njia za chini kwa chini bado zipo. Zilichimbwa ili watumishi wapitishe mizigo bila kuonekana na wageni wa bwana. Jumba la bwana limekwisha, na njia ya watumishi ingalipo.

Ukiendelea mbele unafika Frenchpark, alikokulia Douglas Hyde, aliyezaliwa Castlerea mwaka 1860. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti, na watu wa daraja lake walisema Kiingereza. Kigaeli, lugha ya asili ya nchi, kilikuwa lugha ya vibarua na wakulima maskini, na wengi waliona haya kukisema mbele ya wakubwa. Kijana Hyde alikwenda kwa wazee hao, akajifunza lugha yao na kuandika hadithi na nyimbo zao. Mwaka 1893 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha kuihifadhi lugha hiyo, na mwaka 1938 akawa Rais wa kwanza wa Ayalandi. Alipofariki mwaka 1949 alizikwa nyumbani Frenchpark. Wazee waliomfundisha hawakuwa na shahada yo yote, lakini shule yake ya kwanza ya lugha ile ilikuwa vinywani mwao.

Mashariki ya hapo, karibu na kijiji cha Tulsk, ni Rathcroghan, makao ya kale ya wafalme wa Connacht. Mtu asiye na mwongozi ataona vichuguu vya majani tu. Lakini wataalamu wamehesabu katika eneo hilo mahali pa kale zaidi ya 240. Hadithi husema kwamba hapo Malkia Medb na mumewe Ailill walishindania utajiri wao, ikaonekana mume amemzidi kwa fahali mmoja mweupe. Malkia akaenda vitani kumteka fahali wa rangi ya hudhurungi wa nchi ya Cooley. Watu wengi walikufa. Mwishowe mafahali hao wawili wakapigana, na wote wawili wakafa. Msikilizaji atokaye kwa wafugaji hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa fahali wawili hawakai zizi moja.

Sasa tufike Strokestown, penye jibu la hesabu ile ya kwanza. Hapa ni jumba la ukoo wa Mahon, waliomiliki ardhi pande zote. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula cha pekee cha wakulima wengi wapangaji, vikaoza mashambani. Katika njaa iliyofuata, watu kama milioni moja walikufa katika Ayalandi nzima, na wengine kama milioni moja wakahama. Meja Denis Mahon aliambiwa na msimamizi wake kuwa kuwalipia wapangaji nauli ya meli ni rahisi kuliko kuwalisha. Basi mwaka 1847 watu 1,490 walitembea kwa miguu kutoka Strokestown mpaka Dublin, wakavuka hadi Liverpool, na huko wakapakiwa melini kwenda Kanada. Wengi wao walikufa njiani au walipofika. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Meja Mahon alipigwa risasi, akafa.

Mwaka 1979 mfanyabiashara wa mji huo, Jim Callery, alilinunua shamba lile kwa sababu ya biashara yake ya magari. Ndani ya jumba alikuta maelfu ya barua na hati za zamani. Mojawapo iliandikwa na wapangaji mwaka 1846: waliomba kazi, wakieleza kwamba watoto wao wanalia njaa mbele ya macho yao. Angaliweza kuzitupa zote. Badala yake alizihifadhi, na mwaka 1994 nyumba ya makumbusho ya njaa ikafunguliwa katika mabanda ya farasi ya jumba lile. Leo iko njia ya miguu ya kilomita 165 kutoka Strokestown mpaka Dublin, na kando yake vimewekwa viatu vidogo vya shaba, mfano wa viatu vya mtoto vilivyopatikana katika magofu ya kibanda.

Apendaye kwenda hatapata taabu ya safari. Gari la moshi litokalo Dublin kwenda Sligo husimama Boyle, na liendalo Westport husimama mjini Roscommon na Castlerea. Achukue viatu vya matope na koti la mvua, wala asiwe na haraka. Mchimbaji, mzee wa hadithi na mwenye gereji ndio waliotunza mengi ya yale atakayoonyeshwa. Na kila nchi ina barua kuukuu sandukuni na wazee wenye maneno vinywani. Heri waulizwe wangali hai.