MAUMIVU YA KIUNO NA KAZI YA KARANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mikutano yetu tumezoea kusikia habari za mishahara, za likizo na za elimu ya watoto, nayo yote ni mambo ya maana. Lakini lipo jambo moja ambalo wengi wetu hulijua, wala hapana alisemaye hadharani, nalo ni maumivu ya kiuno. Tazameni saa ya kufunga afisi. Ni wangapi huinuka kitini wakishika meza kwa mikono miwili, kisha wakasimama kitambo kabla ya kupiga hatua ya kwanza? Wakiulizwa, hujibu, "Si neno, ni uchovu tu."

Hujibu hivyo kwa hofu. Karani huchelea kwamba mkubwa wake akipata habari atamhesabu kuwa si mzima, naye ana watoto shuleni na wazee nyumbani wanaomtegemea. Basi hunyamaza. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa hao wafichao. Siku moja tuliinama kuinua sanduku la majalada, tukajipinda kulielekeza kabatini, mara tukasikia kama kisu kiunoni. Tulificha siku mbili. Siku ya tatu hatukuweza kuvaa viatu. Tukatibiwa kwa sindano, tukaambiwa tulale, nasi tukalala majuma matatu. Tulipoinuka, miguu ilikuwa imelegea kama ya mtoto ajifunzaye kutembea, na maumivu yalikuwa pale pale. Ndipo tukanunua mkanda wa kufunga kiunoni kwa fedha iliyowekwa kwa karo ya shule. Tuliufunga miezi minne, na kila tulipoufungua tuliogopa kuinama hata kuokota kalamu. Hatuyasemi haya ili tuhurumiwe, bali kwa kuwa makosa yetu matatu, yaani kuficha, kulala na kuogopa, ni makosa ya wengi.

Yafaa kwanza tujue kiuno ni kitu gani. Sehemu ile ya uti wa mgongo ina pingili 5 kubwa. Kati ya pingili na pingili mna gegedu lililo kama mto, na kando yake mna kano na misuli yenye nguvu. Si chungu cha udongo kivunjikacho kwa kuguswa. Ni kitu imara, nacho huzidi nguvu kwa kutumiwa. Katika watu 10 waumwao kiuno, yapata 9 hawaonekani kuwa na mfupa uliovunjika wala ugonjwa mwingine uwezao kutajwa kuwa ndio asili. Maana yake si kwamba maumivu yao ni ya uongo. Maana yake ni kwamba maumivu yaweza kuwa makali sana hali mgongo haukuharibika.

Wengine hupigwa picha, wakaambiwa gegedu limechakaa, wakarudi nyumbani wamekata tamaa. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya habari za picha za watu wasioumwa hata kidogo. Wakaona kwamba katika watu wa miaka 20, yapata 37 kwa kila 100 walikuwa na gegedu lililochakaa. Na katika wazee wa miaka 80, 96 kwa kila 100. Basi uchakavu huo mara nyingi ni kama mvi kichwani: ni dalili ya miaka, si hukumu.

Habari ya pili yatuhusu sana, kwa kuwa ni ya watumishi kama sisi. Katika mji wa Helsinki, Ufini, watumishi 186 wa halmashauri ya mji waliopatwa na maumivu mapya ya kiuno waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza liliambiwa lilale siku 2. La pili likafundishwa mazoezi ya mgongo. La tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kila siku kwa kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Kundi la tatu ndilo lililopona upesi, na waliolala ndio waliochelewa kuliko wote.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa ya kudumu, na hapo mazoezi huwa na kazi kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023. Lasema mgonjwa aelimishwe juu ya hali yake, afanye mazoezi kwa mpango, na asaidiwe kuondoa hofu. Kukandwa pia kwaweza kufaa. Dawa za jamii ya ibuprofeni zaweza kutumiwa kwa shauri la daktari, maana zaweza kudhuru tumbo na figo. Lakini mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo, na dawa kali za jamii ya afyuni, havikushauriwa. Tuliposoma hayo tuliikumbuka karo ile.

Mwisho tulipata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye hakutupa dawa. Alituambia tutembee dakika 10 kila siku; tulale chali, tukunje magoti na kuinua makalio; tuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu; kisha tuinue ndoo yenye maji kidogo, baadaye nusu, baadaye nzima. Akatupa na sharti moja: siku mbaya tusiache, tupunguze; siku njema tusizidishe, tufuate kipimo. Sharti hili ndilo gumu, kwa kuwa mtu akipata nafuu hutaka kulima shamba zima kwa siku moja, na kesho yake hulala tena. Baada ya miezi mitatu tuliinua ndoo nzima. Maumivu hayakwisha kabisa, lakini hayatutawali tena.

Sasa tuseme juu ya kuzuia yasirudi, maana katika watu 10 waliopona, yapata 7 hupatwa tena kabla ya mwaka kwisha. Huko Australia watu 701 waliopona karibuni walichunguzwa, na habari ikatolewa mwaka 2024. Waliofundishwa kutembea, wakiongeza polepole hata kufikia dakika 30, siku 5 kwa juma, kwa wastani wa katikati walikaa siku 208 kabla ya kupatwa tena. Wasiofundishwa, siku 112. Kutembea hakuna ada, wala hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Afisini, hapana kiti kilicho dawa. Kukaa kwa namna moja saa nyingi ndiko kutuchoshako. Basi tuinuke kila nusu saa, hata kwa kupeleka barua meza ya pili. Tukiinua mzigo, tuukaribishe kifuani, tukunje magoti, tugeuze miguu wala si kiuno, na lililo zito tuligawe mara mbili.

Hata hivyo zipo dalili zisizongoja hotuba. Mtu akifa ganzi kati ya mapaja, akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukizidi kulegea, apelekwe hospitali siku ile ile. Mwenye homa, jasho la usiku na kukonda achunguzwe upesi, maana huenda ni kifua kikuu kilichoingia mfupani. Kadhalika aliyeanguka kwa kishindo, na aliyepata kuugua saratani.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo mawili kwa Chama. La kwanza, asichekwe mwanachama aombaye msaada wa kuinua sanduku. Amwitaye mwenzake ana akili kuliko avunjikaye peke yake. La pili, mwenzetu akiugua kiuno, tusimpelekee pole za kumlaza tu, bali tumwendee jioni tutembee naye. Na Katibu amsaidie kuomba kazi nyepesi kwa muda, ili arudi mapema bila kuficha.

Na yule ambaye maumivu yamemrudia asidhani amerudi mwanzo. Kuteleza si kuanguka. Aanze tena kwa dakika 10.

Sasa twaomba sote tusimame kidogo, tunyoshe viungo, kabla Bwana Katibu hajasoma hesabu.