Soko Lisilo na Wapita Njia

Msikilizaji, pale Ilala jijini Dar es Salaam lipo jengo la ghorofa linaloitwa Machinga Complex. Lilijengwa ili wafanyabiashara wadogo watoke barabarani. Likafunguliwa, na kwa miaka mingi vizimba vya ghorofa za juu vikakaa vitupu, huku Kariakoo, jirani tu, meza na maturubai yakikosesha watu pa kupita. Wapo waliosema machinga ni wakaidi. Mimi nasema walikuwa wamepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kijana anayeuza soksi hana mtaji. Asubuhi anachukua mzigo kwa mali kauli kwenye duka la jumla. Jioni anarudisha hela ya mwenye mali, na kinachobaki ndicho ugali wa nyumbani kwake. Faida kwenye pea moja ni kiduchu, kwa hiyo lazima auze nyingi, tena leo hii. Na mteja wa soksi hafungi safari kufuata soksi. Ananunua kwa sababu kaziona akiwahi daladala. Huyo hapandi ngazi kwenda ghorofa ya tatu.

Wenye frem nao wana hoja. Wanalipa pango, leseni na kodi, halafu mlango wa duka unazibwa na meza ya mtu mwingine. Ni lalamiko la haki, ingawa mzigo mwingi ulio juu ya meza hizo umetoka humo humo madukani. Na kuhusu hatari ya moto pale meza zinapoziba njia, sina mjadala. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume likafuata Januari 2022. Gari la zimamoto lazima lipate njia.

Kinachoniuma ni kauli za serikali zinavyopishana. Mwishoni mwa 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye kazi bila kubughudhiwa. Mwishoni mwa 2021 wakaambiwa waondoke barabarani. Ni watu wale wale, na haikuwa imepita hata miaka mitatu! Nani atathubutu kukopa aongeze mzigo, ikiwa hajui mwezi ujao atasimama wapi?

Tunajenga barabara za mwendokasi na vituo vikubwa vya mabasi. Humo ndimo soko linapaswa kuchorwa tangu mwanzo: meza zenye mipaka iliyopigwa rangi, taa, maji, choo, na njia ya waenda kwa miguu isiyozibwa na mtu. Wataalamu wa mipango miji wahesabu kwanza wapita njia, ndipo wachague kiwanja. Na viongozi wa machinga waitwe kabla ramani haijapigwa muhuri, maana wao ndio wanaojua ni kona ipi inauza saa kumi na moja jioni, na ipi haiuzi kamwe.