Swichi ya Siri Garini: Mada kwa Wenye Magari wa Mitaa ya Eastlands



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya swichi ya siri, ile ambayo mafundi wetu huiita katauti. Nayo, ijapokuwa ni kitu kidogo kisichozidi ukubwa wa kidole, yaweza kuwa ndiyo itakayoamua kama gari ulilolipia kwa mkopo wa miaka utalikuta alfajiri pale ulipoliegesha jana, au utakuta doa la oili tu juu ya lami.

Yafaa kwanza tuyatazame makao yetu, maana ulinzi hufuata makao. Kaloleni, Makongeni na Bahati zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi ambao hakuna aliyewadhania kuwa watamiliki magari, ilhali Buruburu, iliyoanza kujengwa mwaka 1973, ilijaliwa nyua za pamoja ambazo wakaazi wameziwekea malango. Na huko Umoja na Kayole, ambako ghorofa zimepanda juu ya viwanja vidogo, magari mengi hulala njiani, safu kwa safu, chini ya macho ya soja mmoja. Wengi wetu tumechora namba za usajili juu ya vioo vya pembeni na taa, na hilo ni jema, lakini humvunja moyo mwizi wa vioo, si mwizi wa gari zima.

Magari yenyewe aghalabu yametumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na kanuni ya Kenya huyakataa yaliyozidi umri wa miaka 8. Ulaya ilifaradhisha mwaka 1998 kwamba kila gari jipya liwe na kizuizi cha umeme kinachoutambua ufunguo wake. Lakini katika haya yetu yamo mengi yasiyo na kizuizi hicho, na mwizi akiisha kuvunja kufuli ya usukani na kuunganisha nyaya mbili tatu, injini humtii kama inavyomtii mwenyewe. Hapo ndipo swichi ya siri inapopata kazi yake: huikata njia moja ya umeme ambayo pasipo hiyo injini haiwaki, au haidumu kuwaka.

Swali ni njia ipi ikatwe. Ukikata waya wa stata, gari la gia za mkono litasukumwa na watu wawili na kuwaka. Ukikata betri nzima, umekinyamazisha na king'ora pamoja nayo. Ukikata koili ya plagi, injini haitawaka kabisa, na mwizi mjuzi, akali katika giza na faragha, atatambua kuwa pana swichi na ataanza kuitafuta. Kwa gari lenye pampu ya umeme ndani ya tangi la petroli mimi nachagua pampu, kwa kuwa msukumo uliobaki katika mabomba huweza kuiwasha injini kwa sekunde chache, mwizi akaondoka akiamini amefaulu, kisha likamzimikia njiani mbele za watu, naye akakata shauri kwamba ni gari bovu. Dizeli ina sharia yake: madhali haina plagi wala koili, hukatwa penye valvu ya umeme inayoruhusu mafuta, na magari ya kale ya kabureta, ambayo pampu yake huendeshwa na injini, hayana budi kurudi kwenye koili.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Alfajiri moja nilitoka nikakuta mahali patupu, nikaishiwa na nguvu za miguu. Kumbe gari lilikuwa hatua kama sitini mbele, mlango wazi, kifuniko cha chini ya usukani kimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Pampu ilikuwa imekatwa. Lakini gari hilo hilo, miezi michache nyuma, lilikuwa limenizimikia katikati ya Jogoo Road wakati wa msongamano wa asubuhi, lori li nyuma yangu, kwa sababu fundi wangu wa kwanza alizisokota nyaya kwa vidole na kuzifunga utepe, zikalegea kwa mitikisiko ya mashimo. Kwa hiyo nasema kwa mkazo: nyaya zilehemiwe, fyuzi iwepo, na umeme wa pampu upite katika rilei ya ampea 30 au 40, swichi ikibeba ule umeme mdogo tu wa kuiamrisha rilei. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa desturi huvikwa rangi ya manjano, zisiguswe kamwe.

Thamani yote ya swichi hii ni siri. Swichi iliyotiwa chini ya usukani, mahali ambapo kila fundi huitia, ni kufuli ambayo ufunguo wake umetundikwa mlangoni. Mafundi hodari tunao, Kirinyaga Road na Kariobangi Light Industries, lakini mchague mmoja unayemwamini, usimame karibu naye mpaka amalize, wala kazi isifanywe kando ya njia mbele ya wapita njia. Na ulipelekapo gari kuoshwa au kutengenezwa, iache swichi katika hali ya kuwasha, ili yule atakayeliendesha asipate sababu ya kuuliza. Msinitake niwatajie mahali pa kuificha. Nikipataja hapa, patakuwa pa kwanza kutazamwa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonileta. Wako wanaotaka swichi ya kuzima gari likiwa mwendoni, kwa simu, ili majambazi walioliteka wakwame. Injini ikizimika mwendoni usukani hukaza, na breki baada ya kukanyagwa mara chache hupoteza msaada wake. Na pengine ndani yake yumo mkeo au mwanao. Swichi ya siri ni ya gari lililoegeshwa. Ukisimamishwa kwa bunduki usiku Outer Ring Road, nakuomba, ndugu yangu, mpe ufunguo, mwambie swichi ilipo, washushe watoto, uende zako.