Ramani ya Watoto

Leo mazungumzo yetu ni juu ya kazi ya mikono ya watoto wadogo: kutengeneza ramani, ile tunayoita shuleni karte. Pengine mutauliza: ramani na amani zinahusiana namna gani? Musikilize kwanza.

Mipaka ya inchi yetu ilichorwa na watu wa Ulaya, na wengi wao hawakukanyaga milima yetu hata siku moja. Na sisi wenyewe tunagombania mpaka wa shamba na wa kijiji. Mtoto anasikia hayo usiku, wakubwa wakizungumza.

Lakini wazee walikuwa na ramani ya namna ingine. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa, kibao cha mti chenye shanga na maganda. Watu wa chama cha Mbudye walikishika mkononi, kidole kikapita polepole juu ya shanga, nao wakasimulia safari za wafalme na mahali pa heshima. Ramani hiyo ilisomwa kwa kidole na kwa kinywa. Hata mtoto wa miaka sita anaweza kufanya hivyo.

Mwalimu, hauhitaji feza nyingi. Tafuta kartoni za sabuni, vipande vya kitenge, vifuniko vya chupa, makala, mchanga, majani makavu ya migomba. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Ninyi wa Goma hamutakosa changarawe nyeusi ya volkano.

Kwanza, mutembee pamoja toka darasani mpaka kisimani. Watoto wahesabu hatua, wasikilize, wanuse. Pili, wapange vitu juu ya kartoni bila gundi, ili waweze kugeuza mawazo. Tatu, wabandike: kitenge cha bluu ni mto, mchanga ni barabara, vifuniko ni nyumba. Mtoto akifanya nyumba yao kubwa kupita soko, usimucheke. Kwake yeye ndivyo ilivyo.

Sasa sikilizeni siri ya kazi hii. Kabla ya kubandika, panga kartoni za watoto wanne ukingo kwa ukingo. Mto unaotoka kwangu lazima uingie kwako. Watabishana: "Mto wako uko juu sana!" Usiamue wewe. Waache wazungumze mpaka mmoja akubali kusogeza kitenge chake. Mtoto aliyesogeza mto kwa ajili ya jirani amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi linatushinda.

Tena, tangu vita vya 1996 watoto wengi wa kwetu wamekimbia makwao, wengine zaidi ya mara moja. Mtoto kama huyo anaweza kuacha nafasi tupu, ao kufunika mahali pamoja kwa makala. Usimuulize mbele ya wengine ni nani aliyechoma. Kaa karibu naye. Akitaka kusema, atasema. Na akitaka kuweka nyumba ambayo haiko tena, aiweke.

Muwe na akili pia. Musionyeshe kambi wala vizuizi vya askari, na musiandike kabila juu ya nyumba ya mtu. Kartoni hiyo ikianguka katika mikono mibaya, inaweza kuleta hatari. Muweke yale yanayotukutanisha: kisima, soko, shule, mti wa kivuli.

Siku ya mwisho, wazazi waitwe. Kila mtoto apitishe kidole juu ya ramani na kusimulia njia yake. Mzazi ataona kwamba mtoto wake na mtoto wa yule asiyesalimiana naye wanakunywa mto mmoja. Pengine siku ile atamusalimia.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Basi jioni hii, mzazi, muulize mtoto wako: njia ya kwenda kisimani inapita kwa nani? Kisha umusikilize mpaka mwisho.

Amani iwe nyumbani mwenu. Kwaheri.