Konseye wa shule asigeuzwe mtu wa kulipisha minervali: maneno kwa wazazi na wanafunzi wa Uvira

Leo sitawazungumzia viongozi wa Kinshasa. Niko na neno moja juu ya shule, na linagusa mfuko wa kila mzazi aliye hapa.

Mtoto akimaliza darasa la 8 anapiga TENASOSP. Mwangalie zile herufi za mwisho: orientation scolaire et professionnelle. Maana yake, kumwongoza mtoto katika masomo na katika kazi. Hata ile miaka 2 tunaiitaga CO, ni juu ya cycle d'orientation. Waliopanga masomo walijua kwamba mtoto wa miaka 13 ama 14 hawezi kuchagua njia yake akiwa peke yake. Sasa, hapa kwetu nani anamwongoza? Tuseme ukweli. Mtoto anafuata opsio ya rafiki yake. Ama anaingia shule iliyo karibu na nyumba, opsio yoyote iliyomo. Ama anapelekwa Pédagogie juu minervali yake ni ndogo kuliko ya Électricité. Ama papa anasema "wewe utakuwa docta", na maneno yameisha.

Na kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Ni konseye wa orientation, na kazi yake inasomewa chuo kikuu. Katika shule nyingi za hapa hayuko. Mahali aliko, tunamwona asubuhi kwenye mlango akiwa na orodha ya wale hawajalipa, anarudisha watoto nyumbani. Mimi simlaumu. Primaire ya serikali ilifanywa bure tangu 2019, lakini secondaire bado inaishi kwa franga za wazazi, na kila mtu wa ofisi anaombwa asaidie kuzikusanya. Ndivyo mtu wa kuongoza watoto alivyogeuka mtu wa kuwafukuza.

Mtaniuliza: kuna mambo mingi mabaya Uvira, juu gani ushike hili? Juu mji huu unalilia kazi za aina mbili, za ufundi na za afya, na ndizo watoto wanaziingia wakiwa wamefunga macho. Mkumbuke mwezi wa 4, 2020, Mulongwe ilipofurika. Ilibeba watu, nyumba na madaraja, ikaharibu mpaka mitambo ya maji ya Regideso. Mji ambao kipindupindu hakijauacha miaka na miaka ukabaki unachota ziwani. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda, likaingia bandari ya Kalundu na parseli za kando. Umeme wetu unatoka Ruzizi, kwa mabwawa ambayo la kwanza lilijengwa wakati wa Wabelgiji, na kila kukicha taa zinakatika. Nani atajenga kingo za mto? Nani atapima maji kama yana kipindupindu ama hapana?

Niwape mfano mmoja ambao unaniuma zaidi. Mashine ya oksijeni inafika hospitalini, zawadi ya watu wa mbali. Inafanya kazi kidogo, inaharibika, inasukumwa kwenye kona na kufunikwa shuka. Muuguzi hajui umeme. Fundi umeme wa avenue anaogopa kuigusa, na ana haki ya kuogopa. Kuna kazi iliyo katikati ya hao wawili: fundi wa vifaa vya hospitali, technicien biomédical. Ninyi wa darasa la 8, nani kati yenu alishasikia jina hilo kabla ya leo? Mwinue mikono. Mnaona. Mtoto hawezi kuchagua kitu ambacho hajasikia jina lake.

Docta Mukwege tunamjua wote, Nobel ya 2018. Lakini si wengi wanaojua njia yake ya shule. Alitoka Institut Bwindi ya Bukavu mwaka 1974 na diplome ya biochimie. Mnafikiri alikwenda udaktari moja kwa moja? Aliingia kwanza polytechnique kule Kinshasa, masomo ya ma-injinia, miaka 2. Ndipo 1976 akaanza udaktari Burundi, ng'ambo ya hili ziwa, akamaliza 1983, na hospitali yake ya kwanza ilikuwa Lemera, hapa juu ya Plaine yetu. Yeye alipata nafasi ya kugeuza njia. Mtoto wa mama anayeuza ndakala Kalundu hana miaka 2 ya kupoteza. Mama huyo alikopa ili alipe mwaka wa kwanza, hawezi kukopa tena ili kuanza upya.

Basi konseye anapashwa kufanya nini? Kwanza aangalie alama za mtoto za ile miaka 2, hesabu na sayansi, na amwangalie mtoto mwenyewe: kuna wale wanafungua redio ya nyumbani na kuirudisha ikiimba, hata kama Kifaransa kinawashinda. Aite mzazi kabla ya kulipa, si kisha. Halafu awatoe watoto kwenye benchi. Hatuhitaji gari. CRH, kile kituo cha utafiti wa ziwa, iko hapa hapa Uvira. Hospitali kuu na labo yake iko hapa. Regideso, SNEL, yote ni hapa. Siku moja kwa kila mahali inatosha kumfanya mtoto apende, ama aone damu na ajue mapema kwamba kazi ile si yake.

Na aseme ukweli juu ya shule yenyewe, hata kama prefe atakasirika. Électricité bila kipimo cha umeme hata kimoja ni somo la Kifaransa tu. Wanachora mota ubaoni miaka 4, wanapata diplome, halafu wanapanda moto wa kupeleka abiria. Kwa upande wa ITM ni hatari zaidi. ITM iko chini ya Wizara ya Afya, na mtihani wake wa mwisho una jury yake. Vijana wanalipa, wanashona blouse nyeupe, halafu karibu na mwisho wanasikia kwamba shule yao haina kibali. Mzazi aulize karatasi ya kibali kwanza. Aulize pia staji inafanyika hospitali gani, na ni wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja.

Wasichana nao. Dada zetu wanasukumwa Coupe et couture ama uuguzi kama vile ndiko kuna mlango wao tu. Mwenye hesabu nzuri apelekwe kwenye hesabu.

Wengine watasema: katika hii vita, nani ana wakati wa konseye? Mimi naona ni wakati huu ndio anahitajiwa. Mtoto anakimbia Sange ama Luvungi, anafika hapa bila bulletin, alikuwa Scientifique mwaka wa 2, na shule iliyomkubali haina Scientifique. Nani anaketi naye? Wanamweka Commerciale, imeisha.

Kwa ma-prefe tunaomba kitu kidogo. Kama hakuna franga za kumlipa konseye, chagueni mwalimu mmoja anayependwa na watoto, mumtolee mchana 2 kwa juma, na kitabu cha kuandikia kila mtoto wa darasa la 8. Kama konseye yuko, mumtoe kwenye orodha ya minervali, kazi hiyo ina mhasibu wake. Kwa sous-division: mtuambie wazi, shule kwa shule, nani ana konseye na nani hana, na bango la ITM zenye kibali litundikwe mbele ya ofisi kabla ya kuandikisha watoto mwezi wa 9. Na ninyi wa COPA, kwenye mkutano wa mwanzo wa mwaka, msizungumze prime tu.

Yale maswali ya kumuuliza prefe tumeyaandika kwa Kiswahili, karatasi ziko pale kwenye meza. Wa darasa la 8 wabaki kidogo. Tuko na fundi umeme mmoja na mama mmoja muuguzi, wamekubali kujibu kila kitu. Msione haya kuwauliza wanapata ngapi kwa mwezi.